Angkor mwezi wa Aprili: panga siku kwa kivuli, si kwa orodha ya mahekalu

Swali: Naishi Tanga. Aprili natarajia kumpeleka mama yangu Kamboja kuona magofu ya Angkor. Ana miaka 64, anatembea vizuri, lakini anatumia dawa za presha. Tutakuwa Siem Reap, mji ulio jirani na magofu hayo, siku nne. Watu wananitisha kwamba joto la mwezi huo halifai, nami nawajibu sisi wa pwani joto tumezaliwa nalo. Je, niko sahihi? Na mahekalu ni mengi mno, tuanze na lipi?

Jibu: Dada, hilo la kuzaliwa pwani litakusaidia kidogo, lisikudanganye. Joto la Tanga lina bahari mlangoni; ukifika saa nane mchana upepo unakuja. Siem Reap iko bara, mbali na bahari, na Aprili ndio mwezi wake wa joto kuliko yote. Wastani wa joto la mchana ni nyuzi 35 hadi 36, na siku zinazopita 38 si ajabu. Unyevu nao unapanda kwa sababu mvua za Mei zinakaribia, kwa hiyo jasho linatoka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Halafu kuna mawe. Mahekalu haya yamejengwa kwa mawe ya mchanga na mawe mekundu yenye vitundu, na kuta na ngazi hizo hunyonya jua tangu asubuhi, kisha hukaa na joto kama kikaango kilichoepuliwa jikoni. Saa kumi jioni hewa inaanza kupungua ukali huku ngazi uliyokalia bado inakuchoma.

Kama tarehe zinaweza kusogezwa, zisogeze hadi Desemba au Januari. Haziwezi? Basi inawezekana bila shida, ila kwa ratiba tofauti na ile madereva na mawakala wanayouza. Wao watakupa "mzunguko mdogo" wa kilomita 17 hivi au "mzunguko mkubwa" wa kilomita 26 hivi, hekalu baada ya hekalu kutoka asubuhi hadi jioni. Ratiba hizo zimepangwa kwa kufuata barabara. Yako ipangwe kwa kufuata kivuli.

Kivuli cha Angkor kinatokana na mambo mawili: umbo la hekalu na upande linakotazama.

Kwa umbo, yako ya aina mbili. Yapo mahekalu-mlima, yaani majukwaa yaliyopangwa moja juu ya jingine kwa mfano wa mlima Meru (si Meru wetu wa Arusha), makao ya miungu ya Kihindu: Phnom Bakheng, Pre Rup (lililojengwa mwaka 961), Ta Keo, Baphuon. Haya yako uchi kabisa. Hakuna mti juu yake, ngazi ni kali, vipandio vyake ni virefu na vyembamba kiasi kwamba mguu mzima hauenei. Halafu yapo mahekalu bapa, yaliyotandazwa chini kwa vyumba, nyua na kuta zinazozungukana: Ta Prohm, Preah Khan, Banteay Kdei, Ta Som. Mengi ya haya ni ya mfalme Jayavarman wa Saba, aliyekuwa Mbudha na aliyetawala tangu 1181, na mengi yako ndani ya msitu. Kanuni ni rahisi: cha kupanda kipandwe kabla ya saa tatu asubuhi, kuanzia saa tatu hadi saa tano kaeni kwenye yaliyo chini ya miti, saa tano hadi saa tisa mwe hotelini penye kiyoyozi, mmekula na kulala. Usione kwamba mnapoteza siku. Karibu na tarehe 25 Aprili jua la adhuhuri linapita utosini kabisa pale Siem Reap, kwa hiyo hata ukuta wa mita nane hautoi kivuli cha kumtosha mtu.

Kuhusu upande: karibu mahekalu yote yanatazama mashariki. Angkor Wat, lililojengwa na mfalme Suryavarman wa Pili mwanzoni mwa karne ya 12 kwa ajili ya Vishnu, mungu wa Kihindu, linatazama magharibi. Tofauti hiyo moja ndiyo inayoamua usimame wapi saa ngapi.

Tuanze na tiketi, maana hapo ndipo wengi hupotezea saa za ubaridi. Tiketi haiuzwi kwenye milango ya mahekalu. Inanunuliwa ofisi maalumu iliyo njiani, au kwenye tovuti rasmi ya Angkor Enterprise, na unapigwa picha. Tangu 2017 bei ni dola 37 kwa siku moja, 62 kwa siku tatu, 72 kwa siku saba. Chukueni ya siku tatu. Siku zake si lazima zifuatane, inatumika ndani ya siku kumi, kwa hiyo mama anaweza kupumzika siku moja katikati bila hasara. Nunueni siku ya kufika, jioni, msisubiri alfajiri ya kuingia. Tiketi ikipotea hupewi nyingine, na inakaguliwa karibu kila mlango.

Saa za kufungua ziandike pembeni. Angkor Wat na bwawa la Srah Srang hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri. Phnom Bakheng na Pre Rup pia. Mengine yote ni saa moja na nusu asubuhi hadi saa kumi na moja na nusu jioni. Ndiyo kusema asubuhi ndefu yenye ubaridi na kivuli mtaipata Angkor Wat, nayo tuipe siku ya kwanza.

Fikeni saa kumi na moja na tochi. Jua la Aprili huchomoza saa kumi na mbili kasoro dakika chache, nyuma ya minara, na umati wote utajikusanya kwenye bwawa la kushoto unapoingia kutoka magharibi. Mwacheni mwenye kutaka picha apigane. Bwawa la kulia lina nafasi, ingawa mwezi huo maji yanaweza kuwa yamepungua. Jua likishatoka, wengi hurudi mjini kunywa chai. Nyinyi ingieni ndani wakati huo huo.

Hapo ndipo panapolipa nauli yenu. Kuzunguka hekalu kuna baraza refu lenye nguzo na paa, na ukuta wake wa ndani umechongwa picha kwa mamia ya mita. Pindeni kulia, kuelekea kusini, hekalu libaki mkono wenu wa kushoto. Ndivyo michoro ilivyopangwa isomwe. Upande wa magharibi mtakuta vita vya Kurukshetra vya Mahabharata, utenzi wa kale wa Kihindi: askari wanaanza wamepanga mistari kwenye ncha zote mbili, kisha mistari inavurugika kadiri mnavyokaribia katikati. Upande wa kusini ni Suryavarman mwenyewe akiwa na jeshi lake, halafu pepo na jehanamu. Baraza la magharibi lina kivuli asubuhi yote, na la kusini pia kwa sehemu kubwa. Mkipinda kona kuingia mashariki saa mbili, jua litakuwa linapiga ndani moja kwa moja. Ishieni hapo.

Rudini saa tisa na nusu alasiri kupitia lango la mashariki, lile la nyuma. Huko ni njia ya vumbi yenye miti, watu wachache, na mnaepuka njia ya mawe ya magharibi, ambayo ukihesabu pamoja na daraja la kuvuka mfereji ni zaidi ya nusu kilomita bila mti hata mmoja. Sasa jua liko upande wa pili na baraza la mashariki lina kivuli. Tafuteni kazi moja tu, Kuvuruga Bahari ya Maziwa, yenye urefu wa karibu mita 49. Asura (mashetani) 92 upande wa kushoto wameshika kichwa cha nyoka Vasuki, aliyezungushwa kwenye mlima kama kamba, miungu 88 upande wa kulia wameshika mkia, wanavutana ili kutoa maji ya uzima. Vishnu yuko katikati, na chini yake kobe amebeba mlima. Msitazame juu tu. Inameni mwangalie samaki na mamba wa chini: walio mbali na mlima ni wazima, walio karibu wamekatwakatwa vipande kwa nguvu ya mzunguko. Fundi aliwaza hadi hapo. Nusu saa inatosha, kisha tokeni njia ile ile.

Ghorofa ya juu kabisa, Bakan, ina masharti yake. Ngazi ya mbao yenye vishikio imewekwa juu ya ile ya mawe, lakini bado ni mwinuko mkali; watu wanaoruhusiwa juu kwa wakati mmoja ni 100, foleni inasubiri juani, na siku za ibada za Kibudha, kama nne kwa mwezi, hufungwa. Lazima magoti na mabega yafunikwe, na kofia ivuliwe. Hapa wanawake wengi wa kwetu hukwama: kanga ya kujifunga kiunoni inakubalika, lakini kanga ya kutupia mabegani juu ya blauzi isiyo na mikono haikubaliki. Vaa shati lenye mikono. Kwa mama, shauri langu ni asipande. Akae kwenye kivuli cha ghorofa ya pili na maji yake, wewe panda na ushuke.

Siku ya pili nendeni Banteay Srei, na kwa siku hiyo kodini gari lenye kiyoyozi, si tuktuk (bajaji zao, lakini ni kibanda kinachovutwa na pikipiki). Ni zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini, na kurudi saa nne asubuhi kwenye upepo wa moto na vumbi kunachosha kuliko hekalu lenyewe. Hekalu hili la Shiva, mungu mwingine wa Kihindu, liliwekwa wakfu mwaka 967, na halikujengwa na mfalme bali na mtu wa baraza lake, Yajnavaraha. Ni dogo, ni bapa, mama hatapanda chochote, lakini ndani ya uzio hakuna kivuli. Fikeni mlango ukifunguliwa. Mawe yake ni ya rangi ya waridi, magumu lakini yenye chembe ndogo kiasi kwamba yalichongwa karibu kama mbao, na jua la asubuhi likiwa bado chini nakshi zinasimama zenyewe. Likishapanda, kila kitu kinaonekana bapa. Saa tatu muwe mnaondoka. Alasiri, kama mama ana nguvu, Preah Khan la mwaka 1191: ni refu, lina miti, na halihitaji kurudi ulikotoka. Mwambieni dereva awashushe lango la magharibi awasubiri la mashariki. Piga picha namba ya chombo chake na mwoneshe lango kwenye ramani, kwa sababu magari ya huko yanafanana na malango nayo ni manne.

Siku ya tatu ni Angkor Thom (mji wa kale wenye ukuta, wenye mahekalu ya Bayon na Baphuon ndani yake) na Ta Prohm, kwa mpangilio huo. Wengine watawashauri Ta Prohm kwanza ili kuwahi umati kwenye ile mizizi maarufu. Kwa Desemba ni ushauri mzuri. Kwa Aprili, na mtu wa miaka 64, afadhali kubanana chini ya mti kuliko kuwa peke yenu juani. Bayon haina paa wala mti, kwa hiyo saa moja na nusu muwe pale. Nyuso zile kubwa za minarani ziko juu, lakini msipande kabla ya kuzunguka ukuta wa nje wa chini, upande wa kusini: kuna vita vya majini dhidi ya Wacham, watu wa ufalme jirani wa Champa, na hapo hapo watu wanapika, wanauza samaki, wanapiganisha majogoo. Ni maisha ya mtaani ya mwisho wa karne ya 12, na wageni wengi hupita bila kuyatazama. Baphuon itazameni kwa chini. Saa tatu na nusu ingieni Ta Prohm, ambalo Jayavarman alilisimika 1186 kwa heshima ya mama yake. Fuateni njia za mbao na msivuke kamba. Wajenzi wa Khmer hawakutumia tao la kweli. Walisogeza kila jiwe ndani kidogo juu ya jingine mpaka yakakutana. Paa la namna hiyo linashikiliwa na uzito tu, mzizi ukilisukuma kidogo linaporomoka. Upepo wa mvua ukianza ghafla, na Aprili huweza kuanza alasiri, tokeni chini ya miti mikubwa. Na kama mko juu ya hekalu-mlima, shukeni kabla ya radi.

Kwa kuwa mnataka kujua kipi ni Kihindu na kipi ni Kibudha, kuna dalili za kuangalia. Ukiona jiwe la mraba lenye shimo katikati na mdomo wa kumwagia maji upande mmoja, hicho ni kitako cha linga, nguzo fupi inayomwakilisha Shiva. Kama halijahamishwa, mdomo huelekea kaskazini, na unaweza kuutumia kujua uelekeo ukipotea. Preah Khan na Ta Prohm mtaona vijumba vya ukutani vilivyobaki na umbo tu la mtu aliyekaa, limeparuliwa. Ni sanamu za Budha zilizoharibiwa katika karne ya 13, wafuasi wa Shiva waliporudi na nguvu. Baadaye Ubudha ulirudi na ukabaki hadi leo. Angkor Wat bado watu wanasali. Penye sanamu iliyovishwa kitambaa cha manjano na ubani unaowaka, vua viatu na kofia, usiielekezee nyayo ukikaa, na wewe kama mwanamke usimguse mtawa wala kumkabidhi kitu mkononi. Mtu akikuwekea udi mkononi na kukufunga uzi mwekundu bila kuombwa, atataka pesa. Rudisha udi kwa upole uendelee na safari.

Sasa mwili. Anayetembea kwenye joto hili anahitaji nusu lita hadi lita moja ya maji kwa saa, kwa mafunda ya kila dakika 15 au 20. Usizidishe lita moja na nusu kwa saa. Maji matupu mengi mno huzimua chumvi ya damu na kuleta kichefuchefu na maumivu ya kichwa, watu wakadhani ni kiu wakaongeza mengine. Mama usimsubiri aseme ana kiu, kwa sababu hisia ya kiu hupungua na umri. Angalia saa, si uso wake. Beba lita moja na nusu kila mmoja, nyingine ikae kwenye boksi la barafu ambalo madereva wengi wanalo.

Pakiti za ORS beba, lakini kwa mtu wa presha zisiwe kinywaji cha kutwa: lita moja ya ORS ya kawaida ina gramu 2.6 za chumvi ya mezani, mbali na madini mengine. Chakula cha kawaida chenye chumvi yake kinatosha siku nyingi. ORS ni ya siku aliyotoka jasho jingi sana au aliyoharisha. Na kabla ya safari mpeleke kwa daktari wake na swali mahsusi: je, mojawapo ya dawa zake ni ya kuongeza mkojo, na kwenye joto la nyuzi 38 atumieje? Asiache dawa kwa kujiamulia. Mwulize pia daktari kuhusu dawa za mafua na mzio, baadhi hupunguza jasho.

Dalili za uchovu wa joto ni kizunguzungu, jasho jingi, ngozi baridi, misuli kukaza. Mlaze kivulini, miguu juu, mpepee, mpe maji kidogo kidogo, na siku hiyo imekwisha hata akijisikia vizuri. Akianza kuongea ovyo, kuyumba, kuanguka, au kupoteza fahamu, hicho ni kiharusi cha joto na kinaua. Mwagie maji mwili mzima hapo hapo, mpepee kwa nguvu, weka barafu shingoni, kwapani na kinenani, piga 119 kuita ambulensi. Asiyejitambua asinyweshwe kitu. Panadol haisaidii hapa, joto hili si homa.

Nguo ziwe nyepesi, pana, za mikono mirefu. Dera liache hotelini, pindo lake hukanyagwa kwenye ngazi. Viatu viwe vya kufunga vyenye soli ya mpira. Mawe yamelainika kwa nyayo za watu, na ndala huteleza hata bila mvua. Pa mshuko mkali, shuka kinyumenyume au ubavu. Kima wa karibu na Angkor Wat na Bayon msiwalishe. Wamezoea kupora na wanauma, na jeraha la kima ni safari ya hospitali kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbu wa kuogopa pale ni wa dengue, anayeuma mchana, kwa hiyo paka dawa asubuhi pia.

Mambo ya barabarani machache. Beba kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, maana mnatoka ukanda wetu. Uwanja mpya wa ndege, uliofunguliwa Oktoba 2023, uko mbali na mji, tenga saa nzima. Kama mlifikiria kupita Thailand kwa basi, angalieni kwanza: mwaka 2025 mpaka wa nchi kavu ulifungwa na kulikuwa na mapigano, na hekalu la Preah Vihear liko palepale mpakani, liondoeni kwenye mpango. Katikati ya Aprili ni mwaka mpya wa Khmer, kwa kawaida siku tatu kuanzia tarehe 13 au 14. Angkor hujaa wenyeji, madereva huadimika na bei hupanda. Tuktuk ya kutwa kwa kawaida ni kati ya dola 15 na 25 kulingana na umbali. Mkubaliane mapema kwamba mtarudi mjini mchana na kutoka tena alasiri, maana dereva atahesabu safari mbili. Dola zinatumika kila mahali, chenji utapewa kwa riel, kama 4,000 kwa dola. Noti iliyochanika hata ncha tu wataikataa, kwa hiyo zikague hapo hapo duka la kubadilishia fedha kabla hujaondoka Tanga.